Juisi ya marakuja ya kufunga kwenye chupa: mwongozo wa jikoni za Goma

Marakuja yakijaa sokoni, bei inashuka mpaka mtu anarudi nyumbani na beseni zima bila kupanga. Tabu inaanzia hapo. Siku chache tu maganda yanakunjamana, kisha ukungu unaanza kuota pale kikonyo kilipokuwa, na juisi iliyokamuliwa leo, kama hakuna frigo, kesho jioni inatoa povu. Njia ya kuiokoa ni kuifunga kwenye chupa ikiwa ya moto na kuichemshia humohumo.

Hesabu tunayoitumia hapa ni ya kilo 6 za marakuja ya zambarau, yale madogo ya vilimani. Kilo moja inatoa kama theluthi ya lita, kwa hiyo kilo 6 zinakupa lita 2 za juisi safi. Ukiongeza kilo 1 na gramu 200 za sukari utapata chupa 8 za sentilita 33 na kikombe cha kuonja. Pima kwa mizani, usihesabu matunda: yakiwa makavu ndani unaweza kufungua thelathini ukapata glasi moja.

Maji hatuyatii kwenye chupa. Wengi wanatia, wanafunga juisi iliyo tayari kunywewa, na hapo wanapoteza mara tatu: wanatafuta chupa nyingi, wanachoma makala mengi kuchemsha maji ya kawaida, na wanapunguza uchachu ambao ndio mlinzi mkuu wa juisi hii. Funga juisi nzito. Maji utayaongeza siku ya kunywa.

Kinachozuia juisi isioze

Ni vitu vitatu vinavyosaidiana: uchachu wa tunda, joto, na kifuniko kisichopitisha hewa. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi.

Uchachu kwanza. Juisi ya marakuja ina pH ya karibu 3 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda). Mpaka wa usalama kwa vyakula vinavyofungwa kwa maji ya kuchemka ni 4.6, juu ya hapo kijidudu cha botulizimu kinaweza kuamka ndani ya chupa isiyo na hewa na kutoa sumu inayoua, bila harufu wala dalili. Mbegu za kijidudu hicho haziuawi na maji yanayochemka. Zinahitaji digrii 121, na joto hilo halipatikani bila sufuria ya presha. Ila kwenye uchachu wa marakuja haziwezi kuamka. Ndiyo maana njia hii inafaa kwa marakuja, kwa pruni za Japon (nyanya za mti), kwa nanasi na kwa malimau, lakini haifai kabisa kwa papai, tikiti maji, karoti, parachichi wala kitu chochote chenye maziwa. Hata mchanganyiko wa marakuja na papai, ambao mezani ni mtamu kweli, unywe siku hiyohiyo. Usiufunge.

Sukari haimo kati ya hivyo vitatu. Ni ya ladha na rangi. Mwenye kisukari nyumbani anaweza kufunga juisi bila sukari hata kidogo, kwa hatua zilezile na dakika zilezile, nayo itakaa.

Kisha joto, na hapa mtu wa Goma awe makini kuliko mtu wa pwani. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari na mji unapanda kutoka hapo. Kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Hata uchochee mbabula (jiko la makala) mpaka iwe nyekundu, sufuria haitavuka hapo. Utaongeza mvuke na kumaliza makala. Joto likipungua, dakika lazima ziongezeke. Kwa juisi chachu kama ya zabibu au tufaha, iliyojazwa ikiwa ya moto, kipimo kinachofuatwa ni dakika 5 mahali palipo chini ya mita 300, dakika 10 kuanzia hapo hadi kama mita 1,800, na dakika 15 juu zaidi. Sisi kwa marakuja tunashika 15 hata Goma na Bukavu, kwa sababu juisi hii ni nzito na joto linachelewa kufika katikati ya chupa. Aliye Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na ushee, naye asipunguze.

Vyombo

Sufuria ya juisi iwe ya inoksi, au ya emaili isiyobanduka. Hizi sufuria za alumini za kusubu, zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, ziache zipike maharagwe. Uchachu wa marakuja unakula alumini; juisi inapata ladha ya sarafu, na hakuna anayejua ni kitu gani kingine kiliyeyushwa humo. Kwa kuchemshia chupa zilizokwisha kufungwa, hata hivyo, alumini haina neno, kwani juisi haiigusi. Hapo tafuta sufuria kubwa ya sherehe, yenye kina cha sentimita 30 kama chupa zitasimama. Kama haina kina hicho, zilaze.

Chupa ziwe za kioo. Za bia na soda zinafaa sana maana zimetengenezwa kuvumilia joto na mgandamizo, na kapsule mpya, vile vifuniko vya bati, zinabanwa juu yake kwa mashini ndogo ya mkono. Bokali (vyombo vya kioo vya mdomo mpana) za kifuniko cha kuzungusha nazo zinafaa, mradi mdomo usiwe na ufa na kifuniko kiwe kipya, kile chenye ukanda laini ndani. Kapsule iliyokwisha kufunguliwa mara moja imepinda, hata ukiinyoosha kwa nyundo haitashika. Chupa za plastiki za maji zinalegea na kujikunja kuanzia digrii 70 hivi, kwa hiyo usizijaribu.

Kabla ya kununua chupa zilizotumika, nusa kila moja. Chupa iliyowahi kukaa na petroli au mafuta ya taa haitakasiki. Unaweza kuiosha mara kumi, siku ya kuijaza juisi ya moto harufu inarudi.

Vingine ni vya kawaida: chujio la waya lenye matundu madogo, kitambaa cheupe cha pamba, mwiko wa mbao, faneli, brosi ya chupa, na vitambaa vinene viwili. Termometa ikiwepo ni vizuri.

Kuchagua na kuosha

Ganda lililokunjamana kidogo si ubaya. Ni dalili kwamba tunda limeiva na sukari imepanda. Ganda laini linalong'aa mara nyingi bado ni kali mno. Unalotaka ni tunda zito mkononi kuliko linavyoonekana, lisilo na tundu wala unyevu kwenye kikonyo. Tikisa: likipiga kelele ya mbegu kavu, ndani hamna kitu.

Osha kwenye maji yenye vijiko viwili vya mezani vya javel kwa lita 10, dakika tano, kisha suuza kwa maji safi. Mtu atauliza mbona ganda haliliwi. Ndiyo, lakini kisu kinapita kwenye ganda kwanza, kisha kinaingia kwenye nyama, na chochote kilichokuwa nje kinaingia nacho. Lililooza hata upande mmoja litupe lote. Ukungu hauishii pale macho yanapouona.

Kukamua bila kuvunja mbegu

Kata katikati, komba nyama kwa kijiko hadi kwenye beseni. Kisha piga nyama hiyo kwa uma au kwa mchapo wa mayai, kwa nguvu, dakika tano nzima. Utaona vile vifuko vya rangi ya chungwa vinapasuka na mbegu nyeusi zinabaki uchi, zinateleza. Hapo ndipo unapomimina kwenye chujio na kukoroga kwa mwiko, ukikandamiza kwa upole, mpaka mbegu zilizobaki juu ziwe karibu kavu.

Mikseri ya umeme inaharakisha kazi na kuiharibu. Inakata mbegu, juisi inajaa vumbi jeusi na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, na uchungu huo hauondolewi na sukari. Anayelazimika kuitumia abonyeze na kuachia, sekunde mbili, mara tatu, basi.

Sasa iache juisi itulie kwa saa mbili ndani ya beseni la maji baridi, ikiwa imefunikwa. Chini itashuka tabaka nyeupe kama maji ya kulowekea muhogo. Ni wanga. Marakuja ya zambarau yana wanga kwenye juisi yake, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka sufuria iungue. Mimina juisi ya juu polepole kupitia kitambaa, tabaka lile liache chini. Hutatoa wanga wote, lakini utakaotoa unakuondolea nusu ya matatizo ya hatua inayofuata. Usipitishe saa mbili, maana juisi mbichi inaanza kuchachuka mapema.

Kupasha

Weka sufuria ya juisi ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka. Usiiweke juu ya mbabula moja kwa moja. Sababu ni wanga uleule. Juisi ikipata joto, wanga unavimba na kuwa uji, na uji huo unashika chini ya sufuria kabla hujageuka. Ukiungua kidogo tu, juisi yote inapata harufu ya moshi.

Mimina sukari juisi ikiwa vuguvugu, gramu 600 kwa kila lita, koroga mpaka chembe zisisikike chini ya mwiko. Endelea kukoroga taratibu, ukifikia chini na pembeni. Juisi itazidi uzito ghafla, kama uji mwepesi wa mtoto. Usishtuke wala usiongeze maji. Povu jeupe linalopanda liengue kwa kijiko, kwa sababu limejaa hewa, na hewa hiyo itakuja kufifisha rangi ndani ya chupa.

Unatafuta digrii 85. Bila termometa, tazama: mvuke mzito unapanda, uso wa juisi unatetemeka, ukingoni vipovu vidogo vinatokea lakini hakuna kinachoruka. Ikifika hapo, jaza mara moja. Usiiache ichemke kwa dakika nyingi ukidhani unaongeza usalama. Harufu ya marakuja ni nyepesi na inaondoka na mvuke. Nyumba inanukia vizuri, chupa inabaki na maji matamu machachu. Kazi ya kuua vijidudu itamaliziwa ndani ya chupa, pale ambapo harufu haina pa kutokea.

Kujaza, kufunga, kuchemsha

Wakati juisi inapata joto, chupa zilizosuguliwa kwa sabuni na brosi ziwe tayari zinachemka dakika 10 kwenye sufuria kubwa, zikiwa zimesimama juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kapsule au vifuniko viweke kwenye maji ya moto ambayo hayachemki. Maji ya ziwa yana magadi na yanaacha weupe kwenye vioo. Kamulia limau moja kwenye sufuria, weupe hautakuwepo.

Toa chupa moja moja, ikiwa bado ya moto, iweke juu ya ubao au kitambaa. Jaza kwa faneli. Kwenye bokali acha nafasi ya milimita 6 juu. Kwenye chupa ya shingo ndefu acha sentimita 3. Ukijaza mpaka mdomoni, juisi itakayopanuka itasukuma kapsule. Ukiacha nafasi kubwa mno, hewa inabaki nyingi na rangi inageuka kahawia. Futa mdomo kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya moto, maana tone moja lenye sukari likibaki pale kifuniko hakitakaa vizuri. Funga hapohapo. Usijaze nane kisha ukaanza kufunga. Ya kwanza itakuwa imepoa.

Rudisha chupa kwenye sufuria kubwa, juu ya kitambaa, zisigusane. Maji yawe ya moto na yafunike vifuniko kwa sentimita 2 au 3. Anza kuhesabu dakika 15 pale maji yanaporudi kuchemka kwelikweli. Makala yakizimika katikati na uchemkaji ukasimama, ongeza makala, subiri maji yachemke tena, na anza hesabu upya kutoka mwanzo. Ndiyo maana makala yajazwe kabla ya kuingiza chupa, si dakika ya tisa.

Muda ukiisha, ondoa sufuria motoni, acha dakika tano, kisha toa chupa. Usiziweke sakafuni. Sakafu za saruji na mawe meusi ya volkano zina ubaridi ambao chupa ya moto haiuwezi. Itapasuka chini, kwa duara safi kama imekatwa kwa msumeno. Ziweke juu ya ubao uliotandikwa kitambaa, mbali na mlango unaopitisha upepo wa ziwa, zipoe zenyewe mpaka kesho.

Asubuhi kagua. Kifuniko cha bokali kiwe kimebonyea katikati na kisibonyezeke kwa kidole. Chupa ya kapsule igeuze kichwa chini juu ya karatasi, siku nzima. Karatasi ikilowa, iliyomo inywe leo. Zilizofaulu zifute, ziandike tarehe, zipange gizani. Mwanga wa jua unazifanya ziwe kahawia. Kwa miezi sita ladha ni ile ya siku ya kwanza au karibu yake. Baada ya hapo bado ni salama kama kifuniko kimeshika, ila harufu inazidi kufifia.

Kama una zabibu

Zabibu ni ghali huku, lakini mtu akipata kreti anaweza kuifunga kwa njia inayokaribiana na hii. Kwa lita moja hesabu kilo 1 na gramu 700 hivi. Zitoe kwenye vikonyo, ziponde, zifunike kwa maji yanayochemka, zipike taratibu mpaka maganda yalainike, kisha chuja kwa kitambaa bila kukamua. Tofauti kubwa iko hapa: juisi ya zabibu lazima ilale kwenye frigo saa 24 hadi 48, kwa sababu ina chumvi yake inayoganda kuwa fuwele ngumu kama chembe za kioo chini ya chombo. Mimina ya juu bila kutikisa, fuwele zibaki. Ukiruka hatua hiyo hautadhurika, lakini fuwele zitajitengeneza ndani ya chupa na mgeni atadhani kioo kimevunjika. Baada ya hapo pasha, jaza, chemsha dakika 10 kwa kimo cha Goma. Juisi ya zabibu iliyofungwa kwa joto ndiyo iliyoanzisha biashara hii Marekani mwaka 1869, wakati Thomas Welch wa mji wa Vineland, New Jersey, alipochukua njia ya mwanasayansi Mfaransa Pasteur, ya kuua vijidudu kwa joto, ili juisi isigeuke divai.

Chupa zikigoma

Gesi ukifungua, au kapsule imevimba: hamira imebaki hai. Ama dakika hazikutimia, ama kapsule haikubana. Usionje, usichemshe upya. Chupa kama hiyo inaweza kupasuka, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa kinene, ipeleke nje, ifungulie huko na umwage. Chupa za siku hiyohiyo zote zikaguliwe, hata zinazoonekana nzima.

Ukungu juu ya juisi: hewa imeingia. Wapo wanaoengua na kunywa iliyobaki. Hapana. Ukungu unakula uchachu, na uchachu ukishuka yale tuliyosema kuhusu botulizimu yanarudi mezani. Mwaga yote.

Juisi imejitenga, nyepesi juu na nzito chini: hakuna ubaya wowote. Tikisa.

Imeganda kama jeli: wanga haukutulizwa, au juisi ilikaa motoni mno. Ni salama. Ipige kwa uma ndani ya jagi la maji, itakubali.

Chupa nusu yake zimepasuka ndani ya sufuria: zilikuwa baridi ukazitia kwenye maji ya moto, au hakukuwa na kitambaa chini, au ni chupa za zamani zenye mikwaruzo.

Siku ya kunywa, chupa moja ya juisi inachukua chupa tatu za maji yaliyochemshwa na kupozwa. Unapata lita moja na robo hivi, inatosha watu watano. Maji ya bidoni yaliyotoka ziwani moja kwa moja yasiguse jagi: kazi yote hii ya kuchemsha itakuwa bure, na kipindupindu hakijali marakuja yako yalifungwa vizuri kiasi gani. Chupa ikishafunguliwa, kwenye frigo inakaa siku nne. Pasipo frigo iishe siku hiyo, na ndiyo sababu tumependekeza za sentilita 33, tukaziacha zile kubwa za 72.